Pisheni, stesheni: kweli au si kweli?

Ukisimama Tunduma pale malori yanapojipanga kuelekea Nakonde, hutakaa dakika tano kabla msukuma mkokoteni hajakupigia kelele: "Pisheni! Pisheni!" Wapo wanaoapa kwamba hicho ni Kiingereza, kwa kuwa kinafanana na stesheni.

Kila -sheni ni ya Mwingereza. Si kweli. Pita imezaa pisha, vuka ikazaa vusha, waka ikazaa washa. Waamrishe watu wengi, utapata pisheni, vusheni, washeni. Hapo hakuna Mzungu.

Stesheni, operesheni na misheni zina mkia mmoja. Kweli. Hata fasheni imo, ingawa Mwingereza huiandika kivyake.

Mkia huo aliubuni Mwingereza. Si kweli. Ni wa Kilatini, ukafika Uingereza kwa mlango wa Kifaransa, hasa baada ya Wanormandi kuiteka nchi hiyo mwaka 1066. Kazi yake ni kugeuza kitenzi kuwa jina. Kutoka stare, yaani kusimama, Warumi walipata statio: kusimama kwenyewe, kisha mahali pa kusimama. Kutoka mittere, kutuma, wakapata missio. Ile sh ndiyo ya Mwingereza. Dereva wa Lubumbashi aliyesomeshwa kwa Kifaransa atakutamkia "stasyon". Halafu kuna hili linalonifurahisha: TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni Tunduma, mabasi yana stendi. Maneno hayo mawili ni ndugu, yote yanarudi kwenye mzizi mmoja wa kale wa kusimama. Sisi tulikuwa na kituo, kutoka tua, tukayapokea na hayo mawili.

Basi -sheni imekwisha kuwa kiambishi chetu. Si kweli. Ibandike kwenye safirisha ukitafuta jina: unapata safirisheni, nayo ni amri! Jina ni usafirishaji. Stesheni, na hata ile Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, tuliyapokea mazimamazima, mkia ukiwa umeshashonwa.

Misheni ni mambo ya kanisa. Ukiwa Mbozi Misheni, kweli. Mpakani, kijana anayehangaikia riziki naye ana misheni zake, ila mkia ameukata. Mpigie simu saa hizi: "Niko kwenye mishe, kaka."