Je, Wajua? Adabu ya paka huanza angali mchanga

Je, wajua kwamba mtoto wa paka huwazoea watu kwa urahisi zaidi akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7? Utafiti wa Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, Marekani, ulionyesha kuwa watoto wa paka waliobebwa na kupapaswa kila siku katika kipindi hicho huwasogelea watu bila woga.

Kung'ata kwa kiasi hufundishwa na ndugu zake. Akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo huvunjika hapo hapo. Ndiyo maana asitenganishwe na mama na ndugu zake kabla ya wiki 8. Akikung'ata wewe, usimchape, maana kipigo humfundisha kukuogopa tu. Usivute mkono kwa ghafla pia, kwani kwake kinachokimbia ni windo. Tuliza mkono, acha kucheza naye, kisha mpe kamba au kitambaa avutane nacho. Tafadhali wakataze watoto kumchezea kwa vidole: meno yanayotekenya leo yatatoa damu akishakua.

Kumfundisha kutumia choo si kazi kubwa, kwa sababu kufukua na kufukia ni silika yake. Beseni la mchanga liwekwe mahali patulivu, mbali na chakula, na lisafishwe kila siku.

Naye hukwaruza kochi ili kunoa kucha na kuacha harufu yake. Zungushia gogo kamba ya mkonge, uliweke karibu na kochi hilo hilo, na umsifu au umpe kidagaa kila anapolitumia.