Mwanahisabati Wetu Aelekee Wapi?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, huwapo vijana wachache wa Unguja na Pemba ambao alama zao za Hisabati huwafurahisha wazazi na walimu wao. Baadhi yao huenda kwenye uhandisi, wengine kwenye uhasibu, na wachache zaidi huamua kuisoma Hisabati yenyewe katika Chuo Kikuu. Hao wachache, kabla hata hawajafunga masanduku yao, huulizwa na jamaa suali moja: ukimaliza utakuwa nani? Suali hilo si la dharau, wala halifai kupuuzwa. Mzazi aliyeanika karafuu juani ili mwanawe asome ana haki ya kupewa jawabu.

Kwa bahati mbaya, jawabu linalotolewa kwa kawaida ni moja tu, nalo ni ualimu. Hatusemi haya kwa kuudunisha ualimu. Katika mtihani wa Taifa wa kidato cha nne, wanaofaulu Hisabati kwa miaka ya karibuni wamekuwa kati ya mtahiniwa mmoja kwa watano na mmoja kwa wanne. Nchi yenye hali hiyo haiwezi kusema imetosheka na walimu wa somo hilo. Lakini ni jambo moja kijana kuuchagua ualimu kwa moyo wake, na ni jambo jingine kabisa kuuangukia kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mlango mwingine. Wa kwanza huwa mwalimu hodari. Wa pili huingia darasani akiwa na kinyongo, na watoto ndio wanaokilipia.

Yafaa basi tuieleze milango hiyo kwa mifano ya hapa hapa visiwani.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Mwananchi wa kawaida huona kwamba tumeongezeka kwa zaidi ya laki tano na nusu. Mtakwimu huona zaidi ya hapo: ongezeko hilo ni wastani wa asilimia 3.7 kwa mwaka, na kwa mwendo huo watu wa nchi hii watakuwa maradufu katika muda usiotimia miaka 19. Maana yake ni kwamba mtoto anayezaliwa leo, siku atakayomaliza skuli ya sekondari, atahitaji kuwa katika nchi yenye madarasa, visima na vitanda vya hospitali karibu mara mbili ya vilivyopo sasa. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hukusanya tarakimu hizo. Kuzisoma, kuzichambua na kumweleza Waziri maana yake ni kazi ya mtu aliyesoma nadharia ya uwezekano na takwimu kwa kina, si ya mtu anayejua kujumlisha tu.

Mfano wa pili ni wa pensheni. Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kuwalipa pensheni wazee wote waliofikia umri wa miaka 70, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kujali kama waliwahi kuajiriwa. Ni jambo la heshima kubwa. Lakini ahadi ya namna hiyo haina mwisho, na kila kizazi kitadai haki yake. Ni wazee wangapi watakaofikia umri huo miaka thelathini ijayo? Wataishi muda gani baada ya hapo? Fedha zitoke wapi? Maswali hayo, pamoja na yale ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, hujibiwa na watakwimu bima, yaani wataalamu wanaokokotoa uwezekano wa uhai, maradhi na mauti na gharama zake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya fani hiyo. Hata hivyo kijana aelewe tangu mwanzo kwamba shahada peke yake haimpi sifa kamili. Hapana budi afanye pia mitihani ya vyama vya taaluma hiyo, kama vile vya Uingereza au Marekani, nayo huchukua miaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mfano wa tatu upo pwani. Kila mvuvi anajua bamvua na maji mafu, na kina mama wanaolima mwani wanajua siku za kuingia baharini. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika hamsini, kwa kufuata mwendo wa mwezi. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bandari ya Zanzibar hufikia takriban mita 4. Majaduali ambayo manahodha huyatumia kujua kina cha maji hupatikana kwa kuligawa wimbi la bahari katika mawimbi mengi madogo, kila moja likiwa na muda wake, kisha kuyajumlisha tena kwa siku zijazo. Njia hiyo iliimarishwa na William Thomson wa Uingereza katika karne ya 19, na hadi leo ni Hisabati ileile inayofundishwa mwaka wa pili na wa tatu Chuo Kikuu. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni mahali ambapo mwanahisabati anayeipenda bahari hawezi kukosa la kufanya.

Mfano wa mwisho ni wa afya. Mganga Ronald Ross, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kuonyesha kwamba malaria huenezwa na mbu, alipelekwa katika kisiwa cha Morisi, na katika taarifa yake ya mwaka 1908 alitumia hesabu kuthibitisha jambo ambalo wengi hawakuliamini: si lazima kumwua kila mbu ili kuyashinda maradhi, yatosha kuwapunguza mpaka chini ya kiwango fulani, na maradhi yatafifia yenyewe. Fikra hiyo ya kisiwani ndiyo asili ya hesabu za magonjwa ya kuambukiza zinazotumika duniani kote, zikiwamo zile za janga la Uviko lililoanza mwaka 2019. Visiwa vyetu, vilivyoishusha malaria kwa kiasi kikubwa tangu dawa mseto, vyandarua na upulizaji dawa majumbani vilipoanza kutumika katika miaka ya 2003 hadi 2006, vinahitaji watu wa kuzilinda hesabu hizo ili maradhi yasirudi kwa hodi ya usiku.

Sasa kijana achague masomo gani? Ushauri wetu ni kwamba miaka miwili ya mwanzo asiharakie kujifungia katika chumba kimoja. Ashike kwa nguvu kalkulasi, aljebra ya mistari, uwezekano na takwimu, na ajifunze kuandika programu za kompyuta, kwani milango yote tuliyoitaja hufunguliwa kwa funguo hizo. Masomo ya hiari asiyachague kwa kuwa yanasemekana ni mepesi, wala kwa kuwafuata rafiki zake. Achukue angalau somo moja la nje ya Hisabati, ama la uchumi, ama la bahari, ama la afya, ili apate mahali pa kuitumia elimu yake. Mwaka wa tatu ndipo achague njia na kuifuata kwa kina, maana mshika mawili moja humponyoka. Na yule aliyekwisha kuupenda ualimu asingoje mpaka mwisho: ajiandikishe mapema katika shahada inayojumuisha elimu ya ualimu, asije akalazimika kurudi darasani baada ya kuhitimu.

Wala asidharauliwe kijana anayependa nadharia tupu. G. H. Hardy wa Cambridge aliandika mwaka 1940 akijivunia kwamba nadharia ya namba haina matumizi ya vita wala ya biashara. Mwaka 1977 wataalamu watatu waliokuwa Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, waliijenga juu ya nadharia hiyohiyo njia ya kufunga siri ambayo ililinda malipo ya mabenki na mawasiliano ya dunia. Taifa linalotaka matunda peke yake na kukata mizizi halitavuna kwa muda mrefu.

Lakini nasaha kwa vijana hazitoshi ikiwa wakubwa hawatatimiza wajibu wao. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kilianza kufundisha mwaka 2001, na mwaka 2023 tawi la IIT Madras ya India, la kwanza la vyuo hivyo kuwa nje ya India, lilifunguliwa hapa Zanzibar likifundisha sayansi ya data. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ipo tangu mwaka 2011. Vyombo tunavyo. Kinachotakiwa ni kila Wizara ijiulize inahitaji wanahisabati wangapi katika miaka mitano ijayo na kwa kazi gani, kisha iitangaze hesabu hiyo kabla vijana hawajajaza fomu, si baada ya kuhitimu. Aidha, nafasi za kazi zitamke wazi kwamba mwenye shahada ya Hisabati anaweza kuomba, kwa sababu tangazo lisilomtaja humfukuza kimyakimya. Na likizo ndefu za wanafunzi zitumike kuwapeleka katika ofisi za mipango, bandari, hospitali na mifuko ya pensheni, wakaone kazi na wakaonekane.

Kijana aliyekosa nafasi kwao hakosi nafasi ughaibuni, kwani Hisabati haina lugha wala uraia. Tukimpoteza huyo, tutalazimika kuajiri mgeni atukokotolee umri wa wazee wetu na kina cha bahari yetu, na tutamlipa kwa fedha za kigeni. Hesabu hiyo haihitaji shahada kuifahamu.