Ndoo Thelathini Zilizokuwa Zinapotea Kila Siku

Wanachuo tuliopanga Mlandege tunajua bili ya maji inavyoleta ugomvi. Nyumba ninayokaa ina wapangaji sita na mita moja. Kawaida tunatumia kama uniti 11 kwa mwezi. Mwezi wa sita zikaja 29. Bumu halijatoka, baridi ya Iringa imekolea, kila mtu anatafuta wa kumlaumu. Tukamwangukia dada wa chumba cha mwisho, mwenye mtoto mchanga. "Ni zile nepi," tukasema. Na mimi nilisema. Akaongezewa elfu kumi na tano kwenye mgao wake, akalipa kimya.

Mwezi uliofuata alikaa kwao Mafinga wiki tatu, na bili ikaja karibu ile ile.

Hapo ndipo nikachukua kalamu (nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, jamani, ningeanza nayo). Uniti moja ni lita 1,000. Uniti 18 za ziada ni lita 18,000 kwa mwezi, yaani lita 600 kwa siku: ndoo 30 za lita 20. Nepi gani hizo? Ila bomba linalovuja chini ya nusu lita kwa dakika, usiku na mchana, linafika hapo bila shida.

Kwa hiyo anza na mita. Tarakimu nyeusi zinahesabu uniti, nyekundu ni vipande vya uniti, na pembeni mara nyingi kuna kinyota kidogo kinachozunguka hata maji yakipita kiduchu. Funga koki zote ndani, kikitazame. Au soma namba wakati wa kulala na alfajiri, kabla mtu hajachota. Sisi, kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri, tulikuta lita 170 na ushee zimeondoka, watu wote wamelala. Uwe na uhakika tu kwamba simtanki limeshajaa, la sivyo utadanganyika.

Kisha tenganisha. Funga koki iliyo baada ya mita: kinyota kikisimama, tatizo liko upande wenu. Fungua, halafu funga tawi moja moja. Choo cha kuflashi kina kesi yake: tia unga wa juisi nyekundu kwenye tanki lake, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikishuka bakulini, mpira wa chini umechoka. Chetu kilikuwa kizima. Floti ya simtanki nayo nzima. Kinyota kilisimama tulipofunga tawi la kwenda bafuni, bomba lililopita chini ya sakafu ya uani.

Lakini uani palikuwa pakavu kabisa! Maji hufuata njia rahisi. Yanaweza kutokea mbali na penye ufa, au yasionekane popote. Fundi alikuja usiku, kelele zikiwa zimepungua, akasimamisha nondo sakafuni na kuweka sikio kwenye ncha ya juu. Akasogea hatua, akasikiliza tena. Penye mlio mkali wa "sssss" akachora msalaba kwa chaki. Asubuhi alivunja sehemu ndogo tu: elbo imepasuka, maji yanaingia moja kwa moja kwenye shimo la maji taka.

Kwa bomba la maji ya moto, kama yale ya sola za juu ya paa, pita peku: sakafu yenye joto mahali pamoja inakuonyesha. Ulaya, ambako maji moto huzungushwa kwenye mabomba kupasha nyumba nzima, dalili ni geji ya presha inayoshuka kila baada ya kujazwa, na mafundi hutumia kamera za kuona joto. Kutenga tawi kwa tawi ni kule kule.

Tulichanga elfu tatu tatu, watu watano, nikatumwa mimi kumrudishia dada hela yake na kumwomba radhi. Alizihesabu taratibu, mtoto mgongoni, kisha akauliza ile elbo mpya imegharimu kiasi gani, na mgao wake ni shilingi ngapi.