Furu Hawaonani Katika Maji Machafu

Je, umewahi kumtazama furu vizuri? Ni samaki mdogo wa Ziwa Victoria. Wengi wetu hatumjali. Lakini yuko mwalimu mmoja aliyemchunguza furu kwa zaidi ya miaka 30.

Mwalimu huyo ni Frans Witte, wa Chuo Kikuu cha Leiden, nchini Uholanzi. Alianza kazi hiyo Mwanza katika miaka ya 1970. Yeye na wenzake walivua furu katika Ghuba ya Mwanza, wakawapima na kuwachunguza. Furu si samaki wa aina moja. Ziwa zima lilikuwa na aina zipatazo 500. Mwaka 1985, Witte na Els Witte-Maas walimpa furu mmoja mwekundu jina la Mwalimu Nyerere.

Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka sana, wakawala furu. Aina nyingi zilitoweka. Lakini sangara si adui peke yake.

Mwaka 1997 Witte na wenzake wawili walieleza adui mwingine. Furu jike huchagua dume kwa kuangalia rangi yake. Maji yakiwa maangavu, humwona vizuri. Maji yakichafuka, hamtambui dume wa aina yake. Hapo aina huchanganyika, na mwishowe hupotea.

Uchafu huo unatoka wapi? Maji taka ya mjini yanaingia ziwani. Mvua nayo huchukua udongo na mbolea kutoka mashambani mwetu. Mbolea hiyo huotesha mimea midogo sana, na maji huwa ya kijani.

Unaweza kupima mwenyewe. Funga sahani nyeupe kwenye kamba, na jiwe chini yake. Ishushe majini ukiwa ndani ya mtumbwi. Isipoonekana tena, pima urefu wa kamba iliyo ndani ya maji. Rudia kila mwezi, mahali pale pale. Urefu ukizidi kupungua, maji yanachafuka.

Basi tufanye nini? Tulime matuta ya kukinga mteremko. Tuchimbe vyoo mbali na ziwa. Tusikate matete ya ufukweni. Tusilime ndani ya meta 60 kutoka ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo hilo.

Witte alifariki mwaka 2013. Baadhi ya wanafunzi wake ni Watanzania. Wao wanajua kuchunguza samaki. Kuzuia udongo usiingie ziwani ni kazi yetu wakulima.