Olivia Pope: Kimada wa Rais au mwizi wa kura?

Juzi nilikwenda kusukwa, nikamkuta msusi wangu kachomeka flashi kwenye televisheni, anarudia "Scandal", ile tamthilia ya Ikulu ya Marekani. Basi nywele za saa mbili zikachukua saa nne, maana kila Olivia akitokea mikono inasimama.

Kwa wasioijua, ilianza kuonyeshwa kule Aprili 2012 ikaisha Aprili 2018. Mtunzi ni Shonda Rhimes, na Kerry Washington ndiye Olivia Pope, mwanamama wa kuzima kashfa za wakubwa. Mfano ulichukuliwa kwa mtu wa kweli, Judy Smith, aliyefanya kazi Ikulu enzi za Bush mkubwa. Na tangu "Get Christie Love!" ya mwaka 1974, ilikuwa imepita karibu miaka 40 bila mwanamke mweusi kubeba tamthilia nzima kwenye vituo vikubwa vya Marekani.

"Sasa sifa za nini?" akadakia dada mmoja aliyekuwa kwenye drai. "Makoti meupe yote yale, kumbe kimada tu wa Rais!" Saluni nzima kicheko.

Mimi sikucheka. "Dada yangu, ukimada unauona, wizi wa kura huuoni?" Rais Fitz aliingia Ikulu kwa mashine za kura zilizochezewa kule Defiance, Ohio, na Olivia alikuwa mmoja wa watano waliokula njama hiyo. Cyrus, mzungu waliyekula naye njama, tunamwita fundi wa siasa. Olivia tunamuuliza kalala wapi.

Hapo ndipo ninapompa Rhimes tano. Tumezoea mwanamke mweusi wa kwenye sinema awe yaya, au mama wa kulia msibani. Huyu ana akili, ana tamaa, na anaiba kama wanaume wanavyoiba!

Lakini habari ya rangi waliipitia pembeni mno. Walipokuja kuivaa uso kwa uso, Machi 2015, ndiyo sehemu iliyonishika. Polisi kampiga risasi kijana mweusi. Baba yake kakaa kwenye kiti juu ya maiti, bunduki mkononi, anataka ukweli. Olivia kakodiwa na polisi wenyewe, halafu anavuka kwenda kusimama na waandamanaji. Ni kivuli cha Michael Brown, aliyeuawa Ferguson Agosti 2014.

Tofauti ni moja. Kwenye tamthilia yule polisi alishikwa, na baba akakumbatiwa na Rais. Ferguson, Novemba mwaka ule ule, baraza la wazee wa mahakama lilikataa polisi asishitakiwe. Huo mwisho mtamu, kusema kweli, sikuupenda.

Nikageuka kumwambia msusi. Alikuwa kimya, kitana mkononi. Ana kijana kidato cha pili.

"Subiri kidogo, mdogo wangu," akasema, "nirudishe pale baba anapoketi."