Je, Wajua? Protini Dhaifu, Kimelea Sugu

Mwanafunzi wa Nyakahanga, Karagwe, anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia udaktari, akiona grafu ambayo protini iliyobadilika inafunguka kwenye joto dogo kuliko ile ya asili, huwa mwepesi kuandika kwamba badiliko hilo lina hasara. Grafu haisemi hivyo. Inaonyesha tu joto linalofungua nusu ya protini; faida au hasara kwa kiumbe huhitaji kipimo kingine. Ushahidi uko hapohapo Karagwe, ambako utafiti wa 2022 ulikuta vimelea vya malaria vyenye badiliko R561H: katika nafasi ya 561 ya protini K13, arginini imeipisha histidini. Maabara zimeonyesha kwamba mabadiliko kadhaa ya K13 hupunguza kiasi cha protini hiyo. Kimelea basi hula himoglobini kidogo, na kwa kuwa ni mabaki ya himoglobini yanayoamsha artemisinini, dawa ya malaria, dawa hiyo hupungua makali. Protini imepungua, kimelea kimenusurika.

Mtu atauliza: mbona basi vimelea vyote havijabadilika? Kwa sababu pasipo dawa, vingi vya aina hiyo hukua polepole kuliko vya asili. Kwa hiyo tazama kwanza kama jaribio lilifanywa pakiwa na dawa. Wala badiliko hilo halimaanishi kwamba dawa mseto, yaani artemisinini pamoja na dawa mwenza, imeshindwa Karagwe. Vimelea vilichelewa kwisha damuni, lakini wagonjwa walio wengi walipona, kwani dawa mwenza hiyo, kama lumefantrini, ilimalizia kazi.