Mota Isiyo na Brashi katika Helikopta Ndogo

Helikopta ndogo inayoongozwa kwa redio, ile isiyozidi gramu 50, huhesabiwa na wengi kuwa kitu cha kuchezea tu. Hata hivyo, ndani yake mna sehemu kubwa ya somo la umeme na sumaku, nalo hudhihirika siku mota inapochoka.

Katika helikopta nyingi za namna hii mota ya asili hutumia brashi. Hizo ni vipande viwili vya metali vinavyogusa komuteta, yaani pete iliyogawanywa sehemu sehemu na kuungwa na koili zinazozunguka. Kila koili inapofika mahali pake, brashi hugusa sehemu nyingine ya pete na mkondo hubadili njia; pasipo hivyo mota isingeendelea kuzunguka. Kwa hiyo brashi na komuteta ni swichi, lakini ni swichi inayojisugua. Msuguano na cheche huila kidogo kidogo, na ukinzani hupanda pale zinapogusana. Katika mota ndogo kiasi hiki brashi ni nyembamba mno, nazo huweza kwisha baada ya saa chache tu za kuruka. Helikopta huanza kupanda kwa shida ingawa betri imejaa, na mota huwa ya moto kuliko kawaida.

Mwaka 1962 T. G. Wilson na P. H. Trickey walieleza mota ya mkondo mnyoofu ambayo swichi zake ni za elektroniki. Katika mota ya aina hii koili hukaa mahali pamoja, na sumaku ndiyo inayozunguka. Waya 3 hutoka kwenye koili kwenda kwenye kidhibiti, ambacho transista zake hupitisha mkondo katika waya 2 kwa wakati mmoja. Waya wa tatu haukai bure: volteji inayozalishwa humo na sumaku inayopita hukijulisha kidhibiti mahali sumaku ilipo. Ndiyo sababu mota hizi huweza kusitasita zinapoanza, kwani sumaku iliyosimama haizalishi volteji yoyote.

Wengi hukwama hapa, wakidhani kwamba kazi ni kutoa mota moja na kutia nyingine. Bodi ya asili huipelekea mota umeme wenyewe kwa waya 2, ukiwa umekatwakatwa ili kupunguza au kuongeza mwendo. Kidhibiti cha mota mpya, kwa kawaida, hutaka ishara tu: mapigo yenye urefu wa milisekunde 1 hadi 2. Basi hapana budi kutafuta bodi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kuweka kati yake sakiti ya kugeuza ishara.

Gia nazo zataka hesabu. Tuseme mota huzunguka mara 10,000 kwa dakika kwa kila volti 1, na betri ni ya seli moja ya lithiamu yenye volti 3.7. Bila mzigo mota itazunguka mara 37,000. Gia yake ikiwa na meno 9, na ile kubwa meno 72, rafadha itazunguka mara 4,625. Ikibeba mzigo, itapungua. Mwanafunzi asitamani mwendo kupita kiasi. Kani ya kuinua hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo, lakini nguvu inayotakiwa hukua kwa kipeo cha tatu: ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, kani huongezeka kwa asilimia 21 na matumizi ya nguvu kwa asilimia 33.

Mkia usisahauliwe. Mota kuu inaposukuma rafadha kwa nguvu zaidi, mwili wa helikopta husukumwa upande wa pili, kama kanuni ya tatu ya Newton isemavyo. Mota dhaifu ya mkia ikishindwa kuuzuia, helikopta huzunguka kama pia.

Helikopta Ingenuity, iliyoruka katika sayari ya Mirihi kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, nayo ilizungushiwa rafadha zake kwa mota zisizo na brashi.

Jaribio la kwanza lifanywe rafadha zikiwa zimeondolewa, na seli ya lithiamu isiachwe kushuka chini ya volti 3. Mota ikizunguka kinyume, badilishaneni waya wowote 2 kati ya zile 3.